Nilimpeleka baba Kisite akaone chini ya maji

Baba amevua samaki zaidi ya miaka 40 hapo Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, kwa mshipi na kwa madema, ile mitego ya samaki, na hakuwahi hata siku moja kuvaa miwani ya kuzamia. Bahari aliijulia juu: kwa rangi ya maji, kwa kidole kilichoshika mshipi, kwa uzito wa dema linapopandishwa. Sasa ana miaka 72, goti la kulia linamsumbua, na dau lake lilishauzwa. Nikasema kabla goti halijakataa kabisa, nimpeleke Kisite, hifadhi ya bahari iliyo karibu na Shimoni, akaone alichokuwa akikivua. Tukaenda watatu, baba, mimi na mwanangu wa miaka 11. Nayaandika haya kwa sababu nilipokuwa natafuta habari za safari hii, karibu kila nilichokisoma kiliandikiwa mgeni kutoka ng'ambo, na maswali yangu yalibaki maswali.

Tarehe aliichagua baba. Mimi nilishapanga Jumamosi yangu, nikampigia simu, akaniuliza mwezi una siku ngapi. Tulipohesabu akasema hiyo ni bamvua, tusiende. Huku kwetu mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, hujaa saa kumi jioni, na katikati yake yanakwenda mbio. Mlango wa kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini unavuta hasa siku hizo, na mtu asiyeogelea vizuri hana raha ndani ya mkondo. Tukangoja mpaka mwezi ukafika siku ya nane, maji mafu, bahari inapojaa saa nne asubuhi bila fujo. Na kweli, tulipofika mwambani maji yalikuwa yamejaa na kutulia, unaona mpaka punje za mchanga chini.

Kuna unachokikosa, nawe ukijue mapema. Lile fungu la mchanga mweupe lililo katika picha zote za Kisite hutokeza maji yakipwa sana, yaani wakati wa bamvua. Siku yetu halikuonekana hata kidogo, na dada wawili tuliopanda nao walisikitika, kwa kuwa ndilo walilolijia. Basi anayetaka picha juu ya fungu na aende bamvua. Anayetaka kuona samaki, tena akiwa na mzee au mtoto, na aende maji mafu. Sisi tulikwenda Januari, kaskazi ikivuma kwa upole. Kusi ikishaingia bahari huchafuka na maji huwa na ukungu, ingawa anayetaka nyangumi hana budi kuivumilia, maana wao hupita huku kati ya Julai na Septemba.

Mashua ilitutoza shilingi 4,500 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Humo mna vifaa, maji ya kunywa, matunda na chakula cha mchana Wasini. Kiingilio cha hifadhi ni mbali. Kinalipwa KWS, shirika la wanyamapori, kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, taslimu hawapokei, na hapo ndipo tulipopoteza nusu saa, maana mtandao wa simu yangu pale Shimoni ulikuwa unakuja na kuondoka. Lipa ukiwa nyumbani. Beba na kitambulisho, kwa kuwa raia analipa kidogo kuliko mgeni na lazima uonyeshe.

Chombo chenyewe ni mashua ya mbao yenye injini, turubai la kivuli na ngazi ya kushukia majini. Kabla ya kukaa, baba alizunguka akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akaipapasa kalafati, akachungulia ngamani kuona imeingiza maji kiasi gani. Mabaharia walimtazama wakanyamaza. Kisha akaenda kuketi tezi, karibu na nahodha, nami nikajua ameridhika. Injini haikutusumbua kwenda wala kurudi, na nahodha aliijua njia ya kati ya miamba kama mtu anavyoujua ua wake.

Tulikuwa abiria 14, na kila mmoja alipewa jaketi la kuokolea kabla kamba haijafunguliwa. Hilo nalisifu. Lakini mawili kati ya hayo kifungo cha kifuani kilikuwa kimekatika, likiwemo la mwanangu, na baharia akalifunga kwa kipande cha kamba. Kamba ilishika, lakini jaketi la mtoto halipaswi kuwa hivyo, nami nilimwambia mwenye chombo siku hiyo hiyo.

Kilichoniuma zaidi ni maelezo. Yalitolewa kwa Kiingereza kitupu. Nusu yetu tulikuwa wa hapa hapa Kenya, na wanne, baba akiwemo, Kiingereza hawakijui. Yule kijana alikuwa anasema mambo ya uhai: ukichoka inua mkono, usisimame juu ya matumbawe, usiguse kitu usichokijua, usiokote kombe wala kiti cha pweza maana humu ni hifadhi, usiwatupie samaki mkate. Baba aliketi pale, mzee aliyezaliwa kwenye bahari hii, akawa kama mgeni ndani ya mashua. Nikainua mkono nikamwomba ayarudie kwa Kiswahili. Aliyarudia, tena vizuri kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa alikuwa anasema lugha ya mamake. Wenye mashua, hili halina gharama yoyote. Anzeni kwa Kiswahili, kisha tafsirini.

Na kijana huyo ndiye aliyeifanya siku yetu. Ni wa Wasini, umri kama miaka 25, na kazi yake ni kuingia majini na abiria. Alipomaliza kusema na wote alikuja akachuchumaa mbele ya baba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wewe mtoto wa nani hapo Wasini?"

Akataja babake, baba akataka na babu. Jina la babu alilijua. Baba alipokuwa kijana alipiga dago Mpunguti pamoja na mjomba wake, walale kisiwani, wakaushe samaki, warudi Gazi baada ya majuma. Hiyo ilikuwa kabla Kisite haijafungwa mwaka 1973. Siku hizi Kisite yenyewe, kilomita za mraba 28, haivuliwi kabisa, na Mpunguti, kilomita za mraba 11, wanaruhusiwa wavuvi wa zana za kienyeji tu. Kijana aliyajua hayo kwa upande wa hifadhi, baba aliyajua kwa upande wa waliofungiwa. Walizungumza mpaka tukafika, mimi nikiwasikiliza.

Sasa vifaa. Miwani ilikuwa mingi na safi, imesuuzwa kwa maji baridi. Kijana hakutugawia ovyo. Alimwekea kila mtu usoni bila kufunga mkanda, akamwambia avute pumzi kwa pua, halafu akaiachilia. Ikishika usoni yenyewe, ni yako. Ya mwanangu haikushika. Hawakuwa na miwani ya mtoto hata moja, wakampa ya mtu mzima iliyo ndogo kuliko nyingine, na kila baada ya dakika mbili ilijaa maji. Chombo kinachotoza nauli ya mtoto kiwe na miwani ya mtoto.

Kwa baba tatizo lilikuwa masharubu. Ni mazito, meupe, na hakuna siku nimemwona bila hayo. Miwani ilishika vizuri mashavuni, lakini chini ya pua maji yakawa yanapita katikati ya nywele. Nilidhani safari yake imeishia hapo, ngazini. Kijana akapanda mashuani, akatoa kwenye mkoba wake kikopo cha mafuta ya kujipaka, yale ya mgando, akachota kwa ncha ya kidole, akamwambia, "Samahani babu, nipe ruhusa." Akampaka taratibu juu ya masharubu, kutoka katikati kwenda pembeni, akiyalaza nywele chini, halafu akaibandika miwani juu yake na kuikandamiza kwa viganja viwili. Ndani ya kioo alikuwa ameshatema mate na kusuuza ili kisishike mvuke. Baba alifumba macho muda wote huo, kama mtu aliye kwa kinyozi. Alipotia uso majini, hakukuingia hata tone.

Bado kulikuwa na pumzi. Mtu aliyezoea bahari huzuia pumzi uso ukigusa maji, na mrija unamtaka afanye kinyume. Baba aliinua kichwa mara tatu, mara nne, anakohoa. Kijana hakumharakisha. Walishikilia ngazi pamoja, uso ndani kwa hesabu ya kumi, uso nje, tena kwa hesabu ya ishirini, na wengine wote walikuwa wameshaogelea zao. Huenda dakika kumi na tano zilipita. Kisha akamshikisha boya la duara lenye kamba, kamba akaizungusha begani mwake, akaanza kuogelea polepole akimvuta. Mapezi ya miguuni baba aliyakataa, miguu yake ni mipana haiingii. Hakuyahitaji. Alilala juu ya maji, mikono kwenye boya, na dunia ikawa inapita chini yake.

Mimi nilikuwa kando yao, nikiwa nimemshika mwanangu mkono. Chini yetu mwamba ulikuwa kama mita tatu, mahali pengine mbili. Matumbawe ya matawi kama pembe za paa, mengine ya duara yenye mikunjo, na katikati samaki wasiotujali kabisa. Vitatange wa manjano wawili wawili. Kangaja kundi zima, wanashuka, wanakwangua mwani, wanahama. Mbono wengi mno, wanapita pande zote mbili za mwili wako kama mvua iliyolazwa. Kwenye mchanga kati ya miamba miwili alilala taa mwenye madoa ya samawati, macho yake tu ndiyo yanayozunguka.

Kisha nikasikia sauti. Kulikuwa na mchacharisho usiokoma, kama mafuta kwenye karai, na juu yake mkwaruzo, kra, kra. Pono mkubwa wa rangi ya kijani alikuwa anauma jiwe kwa lile domo lake la kasuku, na kila akiuma, alama nyeupe inabaki. Akaogelea hatua chache, akaachia nyuma yake wingu la mchanga mweupe. Baba aliinua kichwa, akatoa mrija mdomoni.

"Ndiyo sauti hiyo!"

Miaka yote alipojilaza ndani ya dau mchana kungoja madema, sikio likiwa karibu na mbao, aliisikia, akidhani ni dau lenyewe linalia kwa jua. Kijana akamweleza kwamba anayekwaruza ni pono, na mchacharisho ule ni kamba wadogo sana waliojificha kwenye miamba, wanaobana gando lao kwa nguvu mpaka maji yanapasuka. Na mchanga anaouachia pono ni matumbawe aliyoyasaga kwa meno yaliyo kooni. Baba akarudisha mrija mdomoni mwenyewe, bila kusaidiwa.

Tangu hapo ikawa baba ndiye anayetaja. Anainua mkono, anaonyesha, anatoa kichwa, anasema jina: tasi, mkundaji, kikande, changu. Kijana alikuwa na majina ya Kiingereza ya kuwatajia wageni, na baba alimpa ya Gazi, na mahali walipotofautiana kati ya Gazi na Wasini walibishana humo humo majini. Chini ya jabali moja alikuwepo chewa. Sijui alikuwa na kilo ngapi, ila kichwa chake kilikuwa kipana kuliko mabega ya mwanangu. Alitutazama akafungua mdomo, akaufunga. Baba alikaa juu yake muda mrefu.

Si kote kuzuri. Upande mmoja wa mwamba kuna mahali pamevunjika, vipande vya matumbawe vya kijivu vimelala kama kuni, na juu yake yameanza kuota machanga. Kijana alisema wazee wao hulielezea eneo lile kwa habari za 1998, maji yalipopata joto na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Baba aliukumbuka mwaka huo, wa baada ya zile mvua za El Niño. Nilipenda kwamba tulipelekwa kuona na hapo pia, hatukuzungushwa kwenye mazuri peke yake. Na mashua haikutia nanga juu ya mwamba, ilifungwa kwenye boya lililowekwa kwa kazi hiyo. Anayeulizia chombo, hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza.

Pomboo tuliwakuta baadaye, karibu na Mpunguti, sita au saba na mtoto mmoja aliyebanana na mamake. Kulikuwa na boti tatu nyingine, na zote ziliwazunguka kwa mwendo, zikiwakata njia kila wakichomoza. Abiria wetu wakaanza kupiga kelele, nahodha naye akaongeza mashine kwenda kuungana na zile. Hapo sikupenda. Kijana alimwita kwa jina akamwashiria kwa mkono apunguze, na baba, aliyekuwa kando yake, akasema, "Zima, mwanangu. Wakitaka watakuja." Nahodha alizima. Tukakaa kimya tunaelea. Boti zile ziliwafuata pomboo mpaka mbali, wakazama, na walipochomoza tena walikuwa upande wetu, karibu kiasi kwamba ulisikia pumzi, fuu, kisha maji yanajifunga. Mtoto alichomoza nusu sekunde baada ya mama. Kumbe nahodha anaweza, na sioni sababu ya kungoja aambiwe na abiria.

Kituo cha pili kilinikasirisha. Tuliahidiwa saa nzima, tukapewa dakika 25, kwa sababu chakula kilikuwa tayari Wasini na kundi lingine lilikuwa linaingojea meza. Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kutoa maji kwenye miwani bila kutoa kichwa: unabana kioo juu, unapuliza kwa pua, maji yanatoka chini. Alipoitwa alilia. Wali utangoja, bahari iliyojaa haingoji.

Chakula chenyewe kilikuwa kizuri: kaa, wali wa nazi, samaki wa kuchoma, ndimu na pilipili, watu wanakaa chini ya kivuli. Ipo pia njia ya mbao juu ya magofu ya matumbawe na mikoko inayotunzwa na kina mama wa kijiji, yenye kiingilio chake kidogo, lakini goti la baba lilikuwa limechoka, tukabaki mkekani. Ni hapo alipoiambia sahani yake, si mimi, "Wakati ule tulikasirika sana." Nilingoja aendelee. Akachukua ndimu akakamulia samaki.

Kwa dada zangu wanaojiuliza kuhusu mavazi: nilivaa suruali ndefu ya kitambaa chepesi, fulana ya mikono mirefu na ushungi wa kuogelea unaobana, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Mkanda wa miwani ulishika juu ya ushungi bila shida, ila hakikisha kitambaa hakiingii chini ya mpira, la sivyo maji yatapita. Mikono mirefu inakukinga pia mgongo na jua, ambalo huku mtu halihisi mpaka usiku. Mashuani hakuna choo wala pa kubadilishia nguo, vyote ni Wasini, kwa hiyo vaa kabisa kutoka nyumbani na ubebe leso mbili.

Mwenye chombo nilimkuta gatini tuliporudi. Nilimweleza mambo manne, jaketi, miwani ya mtoto, lugha na zile dakika 35 tulizopunjwa, naye alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza na akasema miwani ya watoto ataagiza. Nitakwenda tena kwao, na nitasema mapema kwamba namtaka kijana yule yule. Nilimpa mkononi shilingi 500, na baba akampa kile kikopo chake cha ugoro cha shaba, kitupu, akamwambia kinafaa kutilia mafuta ya masharubu.

Miwani ya mwanangu nimeshainunua, ya saizi yake, na anaijaribu kwenye karo la maji. Baba amepiga simu jana usiku. Alikuwa nje anatazama mwezi, akaniambia bado siku tano maji yafe.